Riwaya hewa: namna ya kuandika hadithi fupi kama kipande cha kitabu kisichokuwepo

Riwaya nilifundishwa na karanga. Pale soko la Majengo, hapa Dodoma, karanga za kukaanga zilikuwa zinafungwa kwenye karatasi za magazeti ya zamani, na magazeti yale ya wiki yalikuwa na hadithi za mfululizo. Ukimaliza karanga unaikunjua karatasi, unapangusa chumvi, unasoma: sehemu ya 23. Mwanamke amesimama dirishani na bahasha mkononi. Mwanamume anayeitwa Sudi amesharudi, ingawa hujui alikuwa ameenda wapi. Kuna shangazi anayeogopwa. Halafu karatasi imechanika, au mafuta yamekula mistari sita ya mwisho. Sehemu ya 22 ilifungia vitumbua vya mtu mwingine, na ya 24 hutaiona maisha yako yote.

Riwaya nilizozisoma nzima kipindi kile nimezisahau nyingi. Ile bahasha ninaikumbuka.

Hadithi ninayotaka kukuelekeza hapa inafanya kwa makusudi kile ambacho mafuta ya karanga yalifanya kwa bahati. Unaandika hadithi fupi, tuseme maneno 1,500, lakini unaitoa kama kipande kilichonyofolewa kwenye riwaya ndefu. Riwaya yenyewe haipo. Hujaiandika na hutaiandika. Nchi iliyopata kusikia habari za watumishi hewa haihitaji kufafanuliwa sana: jina limo kwenye orodha, mshahara unatoka, mtu hayupo. Riwaya hewa ni vivyo hivyo, tofauti ni kwamba hapa anayefaidi mshahara ni msomaji.

Duniani mchezo huu si mgeni. Mwaka 1941 Jorge Luis Borges wa Argentina aliandika katika dibaji yake kwamba kutunga vitabu vinene ni kujitesa bure, afadhali ujifanye vipo tayari kisha utoe muhtasari au maelezo juu yake. Mwaka 1979 Italo Calvino wa Italia alitoa kitabu chenye mianzo ya riwaya kumi, na kila moja inakatika. Ila Borges alikuwa anazungumza juu ya kitabu hewa, na Calvino alikuwa anakupa milango ya mbele. Mimi nataka tuingie kupitia dirisha la jikoni, katikati ya nyumba, watu wakiwa wameshagombana.

Ukurasa wa siri

Wanaoanza huteleza kwa namna mbili. Wengine wanaandika kipande bila kujua kimetoka wapi, wakidhani giza litawasitiri. Haliwasitiri. Msomaji aliyelelewa na hadithi anamnusa mtu asiyejua anakokwenda. Wengine wanapanga riwaya nzima sura kwa sura, miezi minne, na mwishowe wana mpango mzuri sana na hawana hadithi.

Mimi natumia ukurasa mmoja wa daftari, upande mmoja. Ukijaa, basi. Ninaandika jina la riwaya, inaanzia mwaka gani na kuishia mwaka gani, na ni kina nani wameshakufa kabla ya sura yangu. Hao wafu wana kazi kubwa kuliko walio hai. Ninaandika kitu kimoja kinachosafiri kitabu kizima kikipita mkono hadi mkono. Kisha ugomvi ambao hakuna anayethubutu kuutaja. Mwisho, sentensi moja juu ya sura ya mwisho kabisa, ambayo hakuna atakayeisoma.

Tutembee na mfano mmoja hadi mwisho. Nimeutoa hapa hapa mjini. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka huohuo ikaundwa CDA, mamlaka ya kuustawisha mji. CDA ilivunjwa 2017, na mwaka uliofuata Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Kati ya tarehe hizo kuna maisha mengi yaliyopimwa kwa bikoni, yale mawe mafupi ya zege ambayo wapimaji huyafukia kwenye kona za kiwanja. Historia hiyo sikuitunga. Nilichotunga ni riwaya, na ukurasa wangu wa siri unasomeka hivi:

*Bikoni Namba Saba. Sura 32, kurasa kama 300. Kuanzia 1973 hadi 2018. Familia ya Mzee Chilewa, shamba la uwele, Nzuguni. Watoto: Yoram, Eliza, Mika. Mzee anakufa sura ya 11, Mika sura ya 18. Kitu kinachosafiri: cherehani ya mama. Ugomvi: nani alipeleka zile karatasi Manyoni. Sura ya mwisho: Eliza, sasa ajuza, anamwonyesha mjukuu mahali palipokuwa na mbuyu.*

Utaniuliza karatasi za Manyoni zilikuwa na nini. Sijui, na nimeamua nisijue. Kitu kimoja unaruhusiwa kutokukijua. Vikifika viwili, msomaji atakushika.

Pa kukata

Usikate sura ya kwanza. Sura ya kwanza iliyosimama peke yake inaonekana kama riwaya iliyomshinda mwandishi, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Usikate ya mwisho pia, kwa sababu unakuwa umetoa machozi ya bure; hakuna aliyetembea na watu hao hata kilomita moja.

Mimi hukata baada ya nusu. Hapo watu wa riwaya wameshachokana. Hawajitambulishi, hawaelezani mambo wanayoyajua, wanajibizana kwa nusu sentensi kama watu wa nyumba moja. Kwa *Bikoni Namba Saba* nimechagua sura ya 19, siku chache baada ya Mika kufa.

Fanya hesabu, maana kuna msomaji atakayeifanya. Ukurasa wa riwaya ya kawaida unabeba kama maneno 250 hadi 300, kwa hiyo maneno 1,500 ni kurasa tano au sita. Ukiandika juu kwamba kipande chako ni ukurasa wa 178 hadi 197 umejiumbua mwenyewe. Pia angalia miaka. Sura yangu ni ya 1986. Maana yake sura 19 zimekula miaka 13 tu, na sura 13 zilizobaki zina miaka 32 ya kumaliza. Kwa hiyo riwaya hii inatembea polepole mwanzoni halafu inakimbia. Mwendo wa kipande changu lazima ufanane na hilo, ndiyo sababu nimeruhusu ukurasa mzima wa Eliza kuota moto na baba yake mdogo bila lolote kutokea.

Swali dogo na swali kubwa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo vipande vingi ninavyoletewa vinakufa.

Swali kubwa ni la riwaya. Nani atabaki na shamba? Yoram yuko wapi? Swali hilo unaligusa, unaliacha linapumua, hulijibu. Swali dogo ni la kipande chako peke yake, na hilo lazima lijibiwe kabla ya mstari wa mwisho. Kwenye mfano wetu: Eliza amelifukia jiwe la mpaka, na kesho asubuhi wapimaji wanakuja. Atawaonyesha au hatawaonyesha?

Angalia umbo la swali dogo. Linajibika kwa ndiyo au hapana, na lina saa yake. Si "Je, Eliza atapata amani?" Hilo halina saa. Ukishindwa kuliandika swali lako dogo kwa sentensi moja yenye muda ndani yake, rudi kwenye daftari.

Ukiwa na swali kubwa tu, umempa msomaji karatasi iliyochanika, na hana hata karanga za kujipoza. Ukiwa na swali dogo lisilogusa lile kubwa, umeandika hadithi fupi ya kawaida halafu ukaivalisha koti la kuazima. Itapendeza lakini mikono itakuwa mirefu. Maswali mawili yanashikana pale ambapo jibu la dogo linabadilisha mizani ya lile kubwa bila kulimaliza. Eliza akiwaonyesha wapimaji jiwe, shamba linapungua na ugomvi na baba mdogo unazaliwa. Asipowaonyesha, anakuwa amefanya jambo lilelile ambalo Yoram anatuhumiwa nalo. Vyovyote iwavyo, sura ya 20 ingekuwa na kazi.

Hapo pia ndipo tunapoachana na hadithi za mfululizo, ingawa ndizo zilizonilea. Gazeti linakata hatari inapoanza tu, mkono ukiwa kwenye komeo, kisha linaandika "itaendelea" ili ununue toleo lijalo. Ni biashara, na ni biashara halali. Wewe huna toleo lijalo. Ukikata mkono ukiwa kwenye komeo, mkono utabaki hapohapo milele na msomaji atakutukana. Fungua mlango kwanza, aonekane aliyesimama nje, ndipo ukate.

Mizigo ya nyuma

Msomaji ataamini kuna sura 18 zilizotangulia ikiwa tu watu wako wanazibeba. Huu hapa mwanzo wa kipande changu:

*Cherehani ilirudi siku ya tatu baada ya mazishi, bila meza yake. Baba mdogo aliipokea mlangoni, akaisukuma chini ya kitanda cha Mika kana kwamba Mika angeihitaji. Eliza hakusema kitu. Wapimaji walikuwa wamelala Ihumwa. Mtu aliyepita huko jioni aliwaona wakisonga ugali nyuma ya Land Rover, na kesho kabla jua halijawa kali wangekuwa Nzuguni. Lile jiwe alilifukia mwenyewe, kwa jembe la Yoram, usiku ambao bado walikuwa wanalitaja jina la Yoram.*

Mizigo iliyomo naigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la mambo ambayo msomaji atayang'amua papo hapo: Mika ndiye aliyezikwa. Fungu la pili atayaelewa kabla ya mwisho: jiwe gani, na kwa nini lilifukiwa. Fungu la tatu hatayajua kamwe: meza ya cherehani imebaki kwa nani. Fungu la tatu ndilo linaloifanya riwaya iwepo, lakini likizidi mawili au matatu linakuwa kelele. Majina nayo nayahesabu. Yasizidi matano, na mawili kati yake yawe ya watu wasiokuwepo chumbani.

Sasa soma toleo baya la mwanzo huo, ambalo niliwahi kuliandika mwenyewe kwa uso mkavu: *Eliza, binti wa marehemu Mzee Chilewa, alikuwa na huzuni kwa kuwa mdogo wake aitwaye Mika alikuwa amefariki wiki hiyo, na cherehani ya mama yao, ambayo ilikuwa imechukuliwa na ndugu upande wa mume, ilikuwa imerudishwa.* Huyo si mwandishi wa riwaya. Huyo ni karani wa mirathi. Mtu wa sura ya 19 hamwelezi mwenzake mama yao ni nani.

Bahati nzuri lugha yetu imejaa vifaa vya kazi hii, na wengi tunavitumia kila siku bila kuviona. Chukua kiambishi cha mtendwa. "Baba mdogo alileta cherehani" ni habari mpya. "Baba mdogo aliileta cherehani" ina maana ilikuwa inajulikana, ilikuwa inasubiriwa, labda iligombewa. Hiyo *i* moja imebeba sura mbili nzima. Chukua *yule, ile, kile*: "kikohozi kile cha siku ya mahakama" kinamfanya msomaji ajisikie kana kwamba alikuwepo mahakamani na amesahau kidogo. Chukua *-mesha-*, chukua *bado*, chukua *tena*. "Hakumsalimia" ni tendo. "Hakumsalimia tena" ni historia.

Na majina ya undugu. "Baba mdogo" asiye na jina ni mtu kamili kwa msomaji wa Kiswahili: ana haki zake, ana madai yake, anajulikana anakaa wapi msibani na nani anamnyooshea sahani kwanza. Hukulipa hata neno moja kumtambulisha. Ukiandika "Chilewa mdogo, ambaye ni kaka wa marehemu baba yake," umemlipia nauli mtu aliyekuwa anakuja kwa miguu.

Onyo: usitumie *ile* na *yule* kwenye kila sentensi. Nimesoma kipande kimoja chenye "ile siku" saba kwenye ukurasa mmoja. Kufika ya nne nilikuwa nimeshatoka msibani.

Kila kilicho nje ya riwaya kiwe kweli

Kwa kuwa kitabu ni hewa, ardhi iliyo chini yake haipaswi kuwa hewa. Msomaji akikukamata kwenye mvua, hatakuamini kwenye mazishi.

Mvua ndiyo mfano wangu ninaoupenda, kwa sababu waandishi wanaotoka pwani wanakosea mara kwa mara. Wanaandika "mvua za vuli zilikuwa zinanyesha Dodoma". Huku hakuna vuli na masika kama misimu miwili. Kuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni kiangazi kirefu chenye upepo na vumbi. Sura yangu ni ya Oktoba. Kwa hiyo mbuyu hauna majani, udongo ni mgumu, na mtu anayefukua kitu usiku anasikika nyumba ya tatu. Huo ugumu wa udongo ulinipa tukio zima ambalo sikulipanga: Eliza anamwagia maji ya kuoshea vyombo pale juu ya jiwe ili udongo ulainike, na asubuhi lile doa la unyevu ndilo linalomwogopesha kuliko jiwe.

Vingine vya kuangalia, haraka haraka. Mwaka 1986 Dodoma si jiji, na mtu anasema anakwenda mjini. Chuo Kikuu cha Dodoma hakipo hadi 2007, kwa hiyo usimpe Yoram shahada ya hapo. Treni ni ile ya reli ya kati iliyoanza enzi za Wajerumani. SGR, ile reli mpya ya kisasa, ilianza kubeba abiria hadi Dodoma 2024, riwaya yangu ikiwa imeshaisha miaka sita. Zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Chakula cha nyumbani ni ugali wa uwele au mtama na mlenda; wali ni wa sikukuu, au wa mtu mwenye ndugu Bahi, kunakolimwa mpunga. Afisa wa 1986 anaitwa "ndugu". Hii "mheshimiwa" iliyotapakaa mjini leo ingewachekesha.

Kisha kuna kumbukumbu ambazo riwaya ya kurasa 300 ya Ugogo, nchi ya Wagogo, isingeweza kuzikwepa. Bibi mwenye miaka 75 mwaka 1986 alikuwa mtoto wakati wa Mtunya, ile njaa kuu iliyoiangamiza Ugogo kati ya 1917 na 1920 baada ya majeshi ya vita kupita yakichukua nafaka na mifugo. Mzee mwenye miaka 60 huenda alifanya kazi Kongwa, kwenye mradi wa Waingereza wa karanga ulioanza 1947 na kufa 1951. (Karanga zinanifuata. Nimezoea.) Usiyaeleze mambo haya. Yaweke kinywani mwa mtu kama mtu anavyoyaweka: bibi anaona makombo ya ugali yamebaki kwenye sahani, anasema "Mtunya haukuwaona ninyi", na mazungumzo yanaendelea. Msomaji wa Mvumi au Mpwapwa atatikisa kichwa. Wa Tanga atahisi kuna sura aliyoikosa, na ndicho unachotaka ahisi.

Kigogo nakitia kidogo. Salamu moja, "mbukwenyi", mtu anapoingia uani, bila tafsiri. Ukianza kufungua mabano kueleza maana, umegeuka kuwa mwongoza watalii.

Kuingia na kutoka

Sentensi ya kwanza isiwe "Ilikuwa asubuhi tulivu." Hiyo ni paukwa bila pakawa. Anza kwenye tendo ambalo ni matokeo ya tendo jingine: cherehani *ilirudi*. Kuanza katikati ya sentensi, kwa herufi ndogo, kama ukurasa uliochanwa, ni hila inayofaa mara moja katika maisha ya mwandishi. Mimi yangu nimeshaitumia na haikustahili.

Kutoka ni kugumu zaidi. Huu ndio mwisho wangu, baada ya rasimu sita:

*Mpimaji kijana alisoma karatasi yake, akahesabu hatua kutoka kwenye mbuyu, akasimama mbele ya Eliza aliyekuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, anachambua mlenda.*

*"Shikamoo, mama. Hapa panatakiwa pawe na jiwe."*

*"Marahaba."*

*Kule mlangoni baba mdogo alikuwa ameshaanza kukohoa, kikohozi kile cha siku ya mahakama. Eliza aliweka ungo pembeni. Akafunga kanga yake upya, akainuka, akasogea hatua moja upande wa kushoto.*

Swali dogo limejibiwa kwa hatua moja. Rasimu ya kwanza iliendelea: mpimaji anafukua, baba mdogo anapiga kelele, Eliza analia. Yote hayo ni ya sura ya 20, na sura ya 20 si yetu. Rasimu ya tatu nayo ilikatwa mapema mno, kwenye "panatakiwa pawe na jiwe", na kila niliyemsomea aliuliza kurasa nyingine ziko wapi. Pima hivyo: kata pale ambapo sentensi ifuatayo ingekuwa ya watu wengine.

Nguo za nje

Mstari mmoja juu unatosha: *Kutoka Bikoni Namba Saba, sura ya 19.* Wapo wanaopenda kuongeza tanbihi, maneno ya mhariri, sifa za jalada la nyuma. Sizipendi. Zinamkonyeza msomaji mno, na ukonyezaji ukizidi watu wanacheka kabla ya utani.

Kuna mambo matatu usiyafanye kabisa. Usiandike jina la kampuni ya kweli ya uchapishaji, usijipe tuzo, na usitunge namba ya ISBN. Hapo umeacha kutunga hadithi, umeanza kughushi. Na mhariri unayempelekea mwambie ukweli kwenye barua ya kutanguliza: hii ni hadithi fupi kamili, riwaya haipo. Msomaji acha ashangae, mhariri asishangazwe.

Kumjaribia mtu

Mpe mtu asiyeandika. Mimi nampa jirani yangu wa Area C, mstaafu anayesoma kila kitu, pamoja na maandishi ya kwenye mifuko ya saruji. Usimuulize kama ameipenda, maana jirani atasema ameipenda. Muulize nini kilitokea asubuhi ile. Asipojibu, swali dogo halijafungwa. Muulize nani ni nani. Akikosea watu wawili, punguza majina. Kisha nyamaza, na usubiri aseme lolote juu ya mtu ambaye hayumo kwenye kipande. Jirani yangu alirudisha karatasi, akavua miwani, akasema, "Huyo Yoram mimi simwamini." Yoram hana hata mstari mmoja wa maneno yake mle ndani. Hapo nikajua kipande kiko tayari.

Wakikuomba kilichobaki

Watakuomba. Mhariri mmoja, ambaye barua yangu ya kutanguliza ni wazi hakuisoma, aliniandikia kwamba kazi ni nzuri na nimtumie sura 18 za mwanzo. Nikamjibu kwamba hazipo na hazijawahi kuwepo. Akakaa wiki mbili, akaandika tena: "Basi tutumie ya 20."

Sikumtumia. Kipande cha pili cha riwaya ileile kinaanza kukudai. Ukiandika ya 20 utalazimika kusema Eliza alilala wapi usiku ule, na baba mdogo alikwenda kwa nani kushtaki, na kabla hujafika mbali kuna mtu atabisha hodi uani akiwa na meza ya cherehani kichwani, na itabidi uamue ametoka nayo wapi.